Mshenga wa Seva Mbili

Wafanyakazi wenzangu, hamjambo huko mawodini na maofisini? Sisi wa dirisha la usajili tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimepewa kazi ya kumwandikia kwaheri fundi wetu wa mtandao, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka ishirini na tisa. Shule yangu mnajua ilipoishia, basi nitaandika kama ninavyosimulia.

Alianza akiwa fundi wa simu. Kompyuta zilipoletwa akapelekwa kozi, akarudi na begi la nyaya na utani wake uleule. Ukimwambia kompyuta imekufa, anauliza kwanza kama umeichomeka. Mhasibu mmoja alinuna wiki nzima, maana kweli hakuwa ameichomeka.

Jina la Mshenga alijitafutia mwenyewe. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani, na bila anwani haisemi na wenzake. Zote zilipewa anwani na seva moja, yaani kompyuta kuu iliyokuwa jengo la utawala. Kila jengo lina mtandao wake, na ombi halivuki lenyewe. Kuna kifaa kinacholibeba na kurudisha jibu. "Huyo ndiye mshenga," alitueleza. "Kompyuta haijiposei." Tukacheka, na jina likamganda yeye.

Kisha ile seva ikafa asubuhi moja. Foleni yangu ikafika getini, na yeye akaitwa kutoka mazishi ya dada yake. Aliifufua akiwa bado na udongo wa makaburini viatuni. Alipomaliza akasema, "Siondoki hapa nikiacha hospitali inategemea mashine moja na mtu mmoja."

Akaomba seva ya pili, akanyimwa, akaomba tena, mpaka mkurugenzi akimwona anabadili njia. Ilipopatikana akaiweka jengo la maabara. Anwani za kila mtandao akazigawa mafungu mawili, kila seva na fungu lake, zisije zikazipa kompyuta mbili anwani moja. Mama wa jikoni akamchokoza: "Umetuletea wake wenza, utawaweza?" Akajibu, "Hawa hawagombani, kila mmoja ana chungu chake."

Siku ya majaribio alitaka kuzima seva ya kwanza mchana, watu wakiwa kazini. Sista Mkuu wa wodi ya wazazi akaja juu. "Watu wanajifungua huku, Baba, wewe unachezea swichi?"

"Sista, ikigoma leo mimi nipo. Ikigoma nimeshaondoka, utamwita nani?"

Sista akaamuru faili za karatasi ziwekwe tayari. Fundi akazima. Akaziamuru kompyuta ziachie anwani zake na kuomba upya. Usajili tukapata, duka la dawa wakapata, wodi ya wazazi wakakosa. Kumbe mshenga wa jengo lile alikuwa hajaonyeshwa mlango wa seva ya pili. Anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Fundi akajipiga paji la uso, akarekebisha, akajaribu upya jengo kwa jengo. Halafu akawasha ya kwanza na kuizima ya pili, akaanza tena mwanzo. Chai yake ilipoa, tukaimwaga kwenye maua.

Mwezi uliopita, yeye akiwa likizo, seva ya kwanza iliungua kweli. Binti aliyempokea kazi aliona taa nyekundu, akaagiza kifaa kipya. Dirishani kwangu foleni ilitembea kama siku zote. Fundi alipokuja kurudisha funguo ndipo aliposikia, akawa mkali: "Mbona hamkunipigia?"

Binti akamwangalia. "Tungekupigia tukuambie nini, Baba?"

Akavuta kiti, akakaa. Alikuwa anacheka, ila macho yamemjaa maji.

Ndugu yetu, asante kwa kutukazania. Mwenyezi Mungu akujalie afya, usingizi mzuri na miaka mingi na mama watoto na wajukuu. Simu yako sasa itakaa kimya kwa upande wetu, wewe ndiye uliyetaka hivyo, nasi utatuuma ukimya huo. Kwa hiyo ukishasoma haya, tafadhali tujibu mapema, japo mstari mmoja, tujue u hali gani.