Mwoga Aliyeilinda Manumea

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi Fuatino Seuala anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kumi ya mwanzo alikuwa mwalimu wa darasa la pili kijijini Vaitoa. Iliyobaki yote ameitumikia Karakana yetu ya Kompyuta za Watoto hapa Salelologa, ambayo aliianzisha mwenyewe katika banda la zamani la kukaushia nazi. Harufu ya nazi bado imo, hasa mvua ikinyesha.

Desturi ya ukurasa huu ni kumsifu anayeondoka kwa ushujaa wake. Safari hii haitawezekana. Bi Fuatino ni mwoga. Ni mwoga kuliko mtu yeyote aliyepata kufanya kazi chini ya paa hili, na lau si woga wake tusingekuwa na jarida, wala karakana, wala paa. Wahenga walikwisha sema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi tumecheka sana hapa. Sasa tunaomba ruhusa ya kuogopa kidogo.

Anaogopa meli ya kwenda kisiwa cha Upolu; hukaa kando ya maboya ya kujiokolea na huyahesabu kabla nanga haijang'olewa. Anaogopa radi. Anaogopa mjusi aliyetaga ndani ya kompyuta, si kwa sababu ya mjusi, bali kwa sababu mayai yake yakipasuka huunguza kila kitu. Anaogopa zawadi. Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Pauga, alipata kumwambia mbele ya wageni kwamba yeye angeogopa hata kuku wa kuchemsha, na Bi Fuatino akamjibu kwa upole kwamba inategemea nani kamchemsha.

Woga huo una asili yake. Alipokuwa msichana, shamba la baba yake lilikuwa la magimbi matupu, na magimbi ya aina moja, ile iliyopendwa na wanunuzi wa ng'ambo. Nchi nzima ilipanda aina hiyo hiyo. Ukaja ugonjwa wa majani, na kwa muda mfupi mashamba yote ya Samoa yakawa meusi. Watu wazima walikaa ukingoni mwa mashamba yao wakiyatazama. Mwaka uliofuata Bi Fuatino alianza kufundisha, akiwa na somo moja ambalo halikuwemo kwenye mtaala: kitu kimoja kikimilikiwa na wote, na mbegu yake isimilikiwe na yeyote kati yao, kinakufa asubuhi moja.

Kompyuta za kwanza zilitoka Auckland, zawadi ya ndugu zetu wa kanisani. Zilikuwa kuukuu, nzito, na kila moja ilidai ufunguo wa leseni ambao hakuna aliyekuwa nao. Wengine walishauri zitupwe. Bi Fuatino akaweka ndani yake mfumo huria, ule unaogawiwa bila malipo pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili anayetaka ausome, aurekebishe na ampe jirani. Kisha akaanza kuurekebisha. Ilimchukua miaka. Akaufundisha Kisamoa, akautia michezo ya kuhesabu mafenesi na kupanga herufi, akauita Manumea, kwa jina la njiwa wa misitu yetu ambaye wengi wetu tumemwona kwenye noti ya tala ishirini tu. Tulimuuliza kwa nini ametafuta ndege anayetoweka. Alisema ndiyo sababu yenyewe.

Baadaye alizunguka vijijini akirekodi hadithi ambazo bibi zetu huwasimulia watoto kabla ya kulala, kwa sauti zao wenyewe, pamoja na kikohozi, majogoo na kelele za redio ya jirani. Nusu ya bibi hao sasa wamelala makaburini mbele ya nyumba zao. Mama yake Fuatino ni mmojawao. Kila siku baada ya masomo, mtoto fulani wa miaka sita hubonyeza picha ya samaki chewa, alama ya hadithi yake, na yule mama huanza kusimulia.

Haya si mambo ya kuyataja kwa upole. Kuna wasomi wanaotuambia kwamba bure ni bure, kwamba mfumo wa Fuatino na vifaa vya makampuni ya ng'ambo ni mamoja kwa kuwa vyote havilipiwi. Ni uongo wa wazi. Kuna bure ya jirani anayekupa mche wa gimbi: unapanda, unakula, unakata mche unampa mwingine. Na kuna bure ya chambo. Chambo nacho hutolewa bila malipo, waulizeni samaki.

Turudi kwenye vicheko. Kompyuta hizi hazikai shuleni, zinakaa katika nyumba za kamati za wanawake, kando ya wasukaji wa mikeka, kwa sababu huko ndiko kuna watu wazima alasiri nzima. Uamuzi huo ulikuwa wa Bi Fuatino na ulikaribia kutumaliza. Mwaka wa kwanza kamati ya Vaitoa ilianika mikeka yake juani kama kila mwaka, ili isipate ukungu, na kwa moyo mwema ikaanika na kompyuta. Zilipangwa vizuri juu ya nyasi, zimefutwa vumbi, zikiwa na mashada ya maua. Bi Fuatino alipofika alikaa chini barabarani. Kwa mujibu wa walioshuhudia, alisema tu kwamba anashukuru hawakuzifua. Zile zilizopona bado zinafanya kazi, na moja ina alama ya ua lililoyeyukia kwenye kibodi.

Likaja jambo la jogoo. Katika mchezo wa kuhesabu, mtoto akipata jibu sahihi jogoo huwika. Jioni moja kombe la baharini, lile la kuitia sala, lilikwisha pulizwa kijijini, saa ya sala imeingia, vijana wa zamu wamesimama barabarani kuhakikisha hakuna anayepita, na chifu mkuu yumo katikati ya dua. Jogoo akawika. Akawika tena, kwa maana mtoto yule alikuwa hodari wa hesabu. Baraza la kijiji liliitoza kamati nguruwe mmoja na maboksi ya samaki wa kopo, na likaamuru mashine zote zitoke kijijini kabla ya Jumapili.

Bi Fuatino, pamoja na woga wake wote, alikwenda mbele ya baraza. Hakujitetea. Aliomba wiki moja. Akaifungua Manumea, akaandika ndani yake saa ya sala: kila kamati hupanga yenyewe saa ya kijiji chake, na ikifika, mashine zote hunyamaza, skrini hufifia, na haziamki mpaka sala iishe. Baraza likaondoa amri. Chifu hulalamika hadi leo kwamba mashine zile zina adabu kuliko wanawe.

Mfumo uliofungwa hauwezi kufanyiwa hivyo. Unaandika barua ng'ambo, unasubiri, na unajibiwa kwamba ombi lako limepokelewa.

Tulicheka pia juu ya bati lake la biskuti. Alikuwa na desturi ya kunakili Manumea yote, hadithi zote, kwenye diski na kuzihifadhi katika bati lenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Bati moja kwake, moja kwa mchungaji, moja kwa dada yake Apia. Tulimwambia anahifadhi mchele mwingi kuliko duka. Kimbunga kilipong'oa paa la karakana na maji yakalala humu ndani, tulisimama kama wale wazee ukingoni mwa mashamba. Bi Fuatino alikwenda kwa mchungaji, akarudi na bati. Hakuna aliyecheka. Tuliupika mchele, na bibi wote wakarudi.

Sasa tufike kwenye sababu inayoufanya ukurasa huu uandikwe kwa woga. Kuna kampuni ya ng'ambo inayotaka kutupa vishikwambi vipya, vyepesi, vinavyong'aa, kwa watoto wote wa kisiwa. Haidai hata sene, ile senti yetu. Mkataba wake una sharti moja: mifumo mingine yote ifutwe kwenye mashine zilizoko, ili watoto wasichanganyikiwe. Nafasi ya Bi Fuatino haijatangazwa. Bodi itakutana Jumanne, yaani baada ya yeye kuondoka na sio kabla, na wajumbe wake ni watu wema waliochoka kuomba misaada. Hao ndio wa kuogopwa zaidi. Mtu mbaya tungemfungia mlango.

Mwezi Agosti vishikwambi vya majaribio vilipelekwa shule mbili. Mtandao ulipokatika, viligoma kuwaka mpaka vizungumze na kwao. Watoto walikaa mbele ya vioo vyeusi mchana kutwa. Kampuni ilisema ni hitilafu ndogo. Bi Fuatino alirudi karakana na kununua mchele.

Kisha mjumbe wa kampuni, Bwana Curtis, mtu mcheshi na mwenye heshima zake, alikuja Vaitoa siku ya ukaguzi. Hakujua ni siku gani. Wasiojua waambiwe: kamati ya wanawake hukagua kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, vyoo, vyandarua, masufuria, mikeka, na tangu Bi Fuatino awashawishi, kompyuta pia. Kila mashine hufunguliwa kifuniko, ikatazamwa mjusi na ukungu, na Manumea yake ikalinganishwa na nakala ya kamati. Kisichofaulu huwekwa nje, kwenye mkeka wa aibu, kila mpita njia akione.

Bwana Curtis aliweka kishikwambi chake mbele ya mwenyekiti wa kamati, Mama Sinapati, filimbi ikimning'inia shingoni. Mama alikigeuza, akatafuta mahali pa kushika, hakupaona.

"Kifungue," akasema.

"Hakifunguliwi, mama. Hairuhusiwi."

"Mwanangu, choo cha mchungaji tumekifungua. Sufuria ya mke wa chifu tumeifunua na yeye mwenyewe amesimama pale. Hiki chako kina aibu gani?"

Wanawake walicheka, na Bwana Curtis naye akacheka, kwa sababu si mtu mbaya. Kisha akasema ukweli, na tunamheshimu kwa hilo.

"Mama, hata mimi sijawahi kuona ndani. Huko kwetu wanajua wachache sana."

Bi Fuatino, aliyekuwa amekaa nyuma na wasukaji, aliukunja ukindu mkononi mpaka ukakatika. Mama Sinapati alipuliza filimbi yake mara moja, akatoka nje, akakilaza kishikwambi juu ya mkeka, kati ya chandarua kilichotoboka na sufuria yenye masizi. Kilikaa pale mpaka jioni, kikilia kila baada ya muda, na kombe lilipopulizwa na kijiji chote kikanyamaza kwa sala, chenyewe kiliendelea kulia.

Kamati nyingine zimesikia, na nyingi zimesema zitafanya vivyo hivyo. Lakini kamati hazitii saini. Bodi ndiyo inayotia. Kwa hiyo ukurasa huu hauwezi kumalizia kwa habari njema, na asiyependa hilo na amlalamikie anayestahili.

Wiki iliyopita Mzee Pauga alimwomba Bi Fuatino akabidhi nywila na siri zote za Manumea, ili Bodi iwe na uhuru wa kuamua. Alikuwa na haki ya kuomba. Bi Fuatino alimweleza kwamba siri hakuna. Kila kamati ina maandishi yote, kila kamati ina bati lake la mchele, na kila ukaguzi hulinganisha. Mzee akauliza kama kuna mtu anayeweza kuifuta Manumea kisiwa kizima. Bi Fuatino akamwambia ndiyo, anaweza, kama kila nyumba itakubali, na hilo ndilo linalomkosesha raha yeye mwenyewe, kwa sababu watu hukubali.

Katika chai ya kumuaga, keki za kukaanga zikiwa bado moto, fundi mwenzetu Ioane, ambaye naye ana wajukuu wanaomsikiliza bibi wa chewa, alimuuliza lililokuwa kooni mwetu sote. Akiondoka, tufanye nini?

"Ogopeni," Bi Fuatino akasema. "Mimi nimechoka kuogopa peke yangu."

Bi Fuatino, tunakushukuru kwa jogoo, kwa bati, kwa mayai ya mjusi uliyoyatoa kwa kijiko, na kwa sauti ya mama yako uliyotuazima bila kutudai. Rudi Vaitoa ukasuke. Panda magimbi ya aina nyingi. Ukipanda meli, maboya yapo, tumekwisha yahesabu.

Sisi tutabaki tukisikiliza. Kila jioni kombe likipulizwa, mashine katika nyumba za kamati zitafifia na kunyamaza, na tutajua kwamba bado ni zetu. Jioni ambayo moja itaendelea kulia wakati wa sala, tutaamka, saini iwepo isiwepo, tutaibeba, na tutaiweka nje kwenye mkeka.

Uishi salama, mama, na ulale usingizi. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.