Kaburi la Shemeji Cletus, Hatua Kumi na Nne Kutoka Jikoni

Wasifu wa marehemu Cletus Ahamefula Nwaigwe, 1959–2013. Umesomwa na shemeji yake, Lado Celestino, Juba Na Bari, Jumanne tarehe 24 Desemba 2013.

Ndugu waombolezaji, poleni, na asanteni kwa kufika, maana najua kila mmoja wenu amesimamishwa mara ngapi njiani. Nitasoma haraka. Saa kumi na mbili jioni hakuna ruhusa ya kutembea, na wanaorudi mbali inabidi waondoke saa tisa. Ninachoomba ni kimoja: mtu asiondoke bila karatasi hii. Sababu mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1959 katika kijiji cha Umuagbala, karibu na mji wa Aba, mashariki ya Nigeria. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nwaigwe, mkulima wa michikichi na viazi vikuu, na Mama Arit. Baba alikuwa Mwigbo. Mama alikuwa Mwibibio, watu wa jirani, ambao kijiji chao kilikuwa mwendo wa asubuhi moja. Makabila hayo mawili yalikuwa yakioana na kuuziana samaki na mawese tangu zamani, kila upande ukiucheka mwingine kwa mapishi yake. Marehemu alikuwa akisema kwamba nyumbani kwao aliomba chakula kwa Kiibibio na msamaha kwa Kiigbo. Jina la Ahamefula alipewa na baba yake, na maana yake ni "jina langu lisipotee".

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Tarehe 30 Mei 1967 Biafra ilitangaza uhuru wake, na watoto wa shule wakatembezwa barabarani wakiimba. Yeye alikuwa na miaka minane na aliimba kuliko wote. Baada ya wiki chache vita vilianza, na shule ikafungwa mpaka mwaka 1970. Chumvi ilikosekana kabisa. Watu waliokuwa wakimpenda mama yake wakaanza kumuuliza yeye ni wa upande gani. Septemba 1968, Aba ilipotekwa, familia ilikimbia msituni, na kaka yake wa kwanza, Nwogu, aliyekuwa askari wa miaka kumi na minane, akafa. Wenzake walimzika kando ya barabara, wakaendelea na safari.

Naomba mlishike hilo la Nwogu. Vita vilipokwisha, Mama Arit alitembea barabara ile miaka miwili akiuliza kila kijiji. Wengine walimwonyesha mti, wengine daraja. Hakupata kitu. Kwa Waigbo mtu mzima hulazwa katika boma la baba yake, na asipolazwa huko ndugu zake hawatulii. Mwishowe walizika shati la shule la Nwogu. Marehemu ndiye aliyelibeba, na alinieleza mara nyingi jinsi lilivyokuwa jepesi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1973, akasoma sekondari miaka miwili, kisha akaingia kwenye biashara ya vipuri vya magari Aba. Baadaye alifanya kazi hiyohiyo Douala, na mwaka 2003 akafika Kampala, ambako alijifunza Kiswahili chake kile mnachokijua. Amani ilipotiwa saini huku kwetu, akaja Juba, Februari 2006, akafungua duka soko la Konyokonyo. Wenye malori mliopo hapa mnamfahamu. Alikuwa mtu wa kuisikiliza injini akiwa amekaa ndani ya duka na kutaja kilichoharibika kabla dereva hajashuka. Alikuwa pia mwoga wa kila kitu, na nasema hivi kwa heshima. Alifunga mlango kwa kufuli tatu. Kila Jumapili alimpigia simu kila ndugu kuhakikisha yu hai, na usipopokea alikuja mwenyewe kwa bodaboda.

Katika chama cha Waigbo wa Juba alikuwa katibu. Kanuni yao kubwa ni kwamba mwenzao akifa ugenini lazima arudishwe kwao. Kati ya 2008 na 2013 marehemu aliwasafirisha watatu. Alizijua karatasi zote: ya hospitali, ya ubalozi, ya uwanja wa ndege. Nyumbani tumekuta faili la kijani lenye jina lake mwenyewe. Amejaza kila kitu, hata urefu wa jeneza. Tarehe tu ndiyo haikuandikwa.

Tarehe 6 Desemba 2008 alimwoa dada yangu, Teresina. Siku ya kujitambulisha kwa baba yetu, Mzee Celestino, alileta kola, zile kokwa chungu ambazo kwao hugawiwa penye kila kikao cha heshima, alizoziagiza kutoka Kampala, akasimama kuziombea kwa Kiigbo. Alitaja babu zake wote. Alipomaliza wa kwao akawauliza wazee wetu majina ya babu zetu sisi Wabari, naye akawaombea hao pia. Chakula kilipoa. Baba, ambaye hamsifu mtu ovyo, alisema huyu mgeni sasa anawajua wafu wetu kuliko mimi, mwanawe. Alikuwa na haki. Sisi tulikulia Arua, Uganda, ukimbizini, na tuliporudi mwaka 2006 tulikuta kaburi la mama yetu limejengewa choo cha watu. Tulikuwa tumeweka msalaba wa mti. Mtu aliufanya kuni, akapikia chai.

Julai 2011 nchi yetu ilipata uhuru. Siku ile ya tarehe 9 Juba nzima ilicheza, na Teresina alikuwa na mimba ya miezi tisa. Nilimkuta marehemu uani, jasho linamtoka, akishusha magunia matatu ya chumvi. Nikamtania kwamba uhuru wetu alikuwa anataka kuukaanga. Hakucheka.

"Lado, wewe cheza tu," aliniambia. "Mimi iko nimeshaona uhuru moja. Hii chumvi wacha ikae."

Kesho yake mtoto wake wa kiume akazaliwa, akaitwa Sunday. Kwa miaka miwili tulimcheka kwa magunia yale, na leo najuta, kwa sababu wiki hii mitaa mitatu ya Atlabara, alikokaa, imekula chumvi ile.

Marehemu alikuwa na sukari tangu mwaka 2010. Oktoba mwaka huu kidonda cha mguu kilikataa kupona, na daktari akaamua apelekwe Kampala. Tiketi ilikuwa ya Jumanne, tarehe 17 Desemba. Jumapili usiku, tarehe 15, risasi zilianza. Jumatatu uwanja wa ndege ulifungwa. Jirani yake Nyaruot, ambaye ni Mnuer, aliruka ukuta na watoto wake wanne, akaingia kwa marehemu, kwa kuwa watu walikuwa wanapita wakiuliza kabila, wakiwatafuta Wanuer. Marehemu, ambaye hakuweza kusimama, aliagiza kitanda chake kiwekwe mbele ya mlango wa chumba walimojificha, akalala hapo siku tatu. Waliokuja kuuliza walimkuta mgonjwa, wakasikia harufu ya kidonda, wakaondoka. Nyaruot leo yuko kambi ya Umoja wa Mataifa na hawezi kufika. Amesema niwaambie kwamba yu hai.

Dawa ya sukari iliharibika kwa kukosa umeme. Tulizunguka maduka ya dawa, yote yamefungwa. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 22 Desemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Atlabara. Maneno yake ya mwisho aliyoyasema kwa akili timamu yalikuwa kwa mke wake.

"Teresina, mimi usiache mahali hakuna mtu najua."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sijaacha. Chumba cha maiti hakipokei mtu. Ndege hazibebi jeneza. Kaka yake aliyebaki, ambaye kwa heshima ya kwao tunamwita Dee Ubani, tulimpata kwa simu jana asubuhi, na laini ilikatika mara sita. Tulipomwambia tunataka kumlaza hapa kwa baba yetu, alikataa kabisa. Alisema mwanamume hazikwi kwa wakwe kama mtu asiye na kwao, na kwamba tusubiri. Teresina alininyang'anya simu.

"Dee, tusubiri na nini? Hapa barafu hakuna. Unataka nimuweke kwa barabara kama Nwogu?"

Nilisogeza sikio karibu na simu, nikidhani laini imekatika tena. Kisha nikasikia mzee yule analia. Alipoweza kusema, alisema tumlaze, lakini kama mgeni aliye safarini: tusimwage saruji, tusimwandikie kwamba hapa ni kwake. Tena tumwandikie mahali penyewe, kwa hatua, tuwape watu wengi karatasi hizo, kwa sababu hajui nani kati yetu atakuwepo vita vikiisha.

Basi ndugu zangu, sikilizeni. Ukiingia boma la Mzee Celestino, Juba Na Bari, simama kwenye kona ya jiko iliyo upande wa mto. Upe mto mgongo. Tembea hatua kumi na nne za mtu mzima, ukielekea jiwe kubwa jeusi ambalo hakuna mwenye nguvu ya kulihamisha. Jiko likibomolewa, anzia kwenye jiwe, hatua tisa kuelekea mto. Msalaba wa mti tumeuweka, lakini msiuamini. Kichwani kwake, urefu wa mkono mmoja chini ya udongo, tumelaza ekseli ya lori kutoka dukani kwake. Haiozi na haipikiwi chai. Atakayechimba jembe litagonga chuma, na hapo ndipo alipo.

Yafesi wa Kampala, mwenye duka la kopi, ametupigia kopi arobaini kwa jenereta yake, akakataa malipo. Ukikimbilia Arua, nenda nayo. Ukikimbilia kambini, ifiche kwenye kiatu. Wengine wetu hatutarudi, na sijui ni nani. Kwa karatasi arobaini, angalau moja itafika.

Marehemu ameacha mke, Teresina; binti, Poni, miaka minne; mtoto wa kiume, Sunday, miaka miwili; kaka yake Dee Ubani huko Umuagbala; wakwe, wanachama wenzake, na Nyaruot na watoto wake, ambao marehemu mwenyewe aliagiza wahesabiwe humu.

Asubuhi ya leo nilimfundisha Poni kutembea kutoka kona ya jiko. Kumi na nne hazikumfikisha. Kwa miguu yake ni hatua thelathini na moja, nasi tumeziandika nyuma ya karatasi yake. Tunamwomba Mungu ampe uhai wa kuja hapa siku moja, akahesabu upya, akazikuta kumi na nne.

Cletus Ahamefula, pumzika hapa kwa amani, mpaka tuje kukuchukua.