Mama Chaki na Skrini ya Sakafuni

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwenzetu tuliyezoea kumwita Mama Chaki anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Aliingia kitengo chetu cha kutengeneza masomo akiwa mchoraji wa chati za ukutani. Anatoka akiwa mkuu wa mafunzo. Kisa cha safari hiyo vijana wanakisikia nusunusu, nami niliyekaa meza ya jirani naye muda wote huo naomba nikieleze chote.

Zilipoletwa kompyuta za kwanza, zikiwa na programu ya kuunganisha picha, sauti na maandishi kuwa somo moja, barua ya kumhamishia ghalani ilikuwa tayari mezani kwa mkurugenzi. Chati za mkono hazikuhitajika tena. Mama Chaki aliomba miezi mitatu ajifunze. Akapewa, kwa sharti kwamba mwisho wake aonyeshe somo alilotengeneza mwenyewe. La sivyo, ghala linamsubiri.

Siku ya kuifungua programu ile tulibabaika. Skrini ilijaa vidirisha kama duka la vipuri. Sisi wanaume tulibofya kila kitu, vidirisha vikatoweka, tukalaumu umeme. Yeye hakubofya chochote. Alichukua daftari, akachora skrini nzima kwa penseli. Jioni akamwonyesha mumewe, fundi cherehani, ambaye alimweleza kwamba enzi za uanagenzi wake hakuruhusiwa kugusa kitambaa cha mteja mpaka aweze kuokota mkasi, futi na chaki mezani akiwa amefumba macho.

Kesho yake tulimkuta amepiga magoti, anaichora skrini ile sakafuni kwa chaki ya mumewe. Katikati aliweka jukwaa, yaani mstatili mweupe anaouona mtazamaji, likizungukwa na eneo la kijivu. Kushoto zana za kuchorea. Kulia maktaba, zinamokaa picha na sauti zikisubiri kuitwa. Chini mstari wa muda, unaoamua nani aingie lini na atoke lini. Kila asubuhi aliutembea uwanja huo hatua kwa hatua, nasi tukamtania kwamba utoto umemrudia. Mwezi wa pili hatukutania tena. Tulikuwa tunamwuliza maktaba iko wapi.

Siku ya onyesho ikafika. Somo lilihusu namna ya kutumia mtungi wa kuzimia moto, na ukumbi ulijaa. Kwenye skrini kubwa mchoro wa mtu ukaminya mtungi, ukaminya tena, patupu. Hapo ndipo mshale mwekundu wa kuonyesha pini inayovutwa kwanza ulipaswa kutokea, lakini haukuonekana popote. Mkurugenzi akakunja uso. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mama Chaki hakuisingizia kompyuta. Alimwomba mkurugenzi amfuate hadi kwenye michoro ya sakafuni, akamsimamisha hatua moja nje ya jukwaa, kwenye eneo la kijivu. Hapo, akamweleza, ndipo alipousahau mshale. Mtengenezaji akiwa kazini anaona vitu vilivyo hapo, hata akadhani vimo somoni. Mtazamaji havioni kamwe. Mkurugenzi alitazama miguu yake, akatazama jukwaa, akacheka. Kisha akasema kwamba mtu anayeweza kulieleza kosa lake hivyo hafai kupelekwa ghalani, anafaa kufundisha. Barua ile ilichanwa mbele yetu.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyeshika kipanya kabla ya kutembezwa sakafuni. Programu zimebadilika mara nne, vidirisha vimehama, naye amefuta na kuchora upya. Kabla ya kukabidhi somo lolote, alimsimamisha mtengenezaji kwenye eneo la kijivu, ajiulize ni kipi anachokiona yeye ambacho mtazamaji hakioni. Masomo zaidi ya mia mbili yamepita hapo. Mshale haujapotea tena.

Wiki jana mfanya usafi aliuliza kama sasa aioshe sakafu ile. Kabla sijafungua kinywa, vijana walikuwa wameshaleta brashi na rangi ya mafuta. Mistari yote imepakwa, maji hayaitoi.

Mama Chaki, miaka yote ulisimama kwenye kijivu ili kazi za wengine zionekane. Ijumaa saa nne asubuhi tunakuomba usimame katikati ya mstatili mweupe, sisi tukae pembeni. Asante sana. Nenda kapumzike na fundi wako, afya iwe yako, na siku zako ziwe njema.