Dawa Isiyotaka Swali

SHANGAZI: Haloo? Naongea na nani?

DAKTARI: Mimi, shangazi. Mwanao wa maabara. Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba. Mbona namba ngeni?

DAKTARI: Nimeazima simu. Baba hajambo?

SHANGAZI: Yuko sebuleni. Nimpe?

DAKTARI: Hapana, nakutaka wewe. Kesho kuna mkutano wa kupitisha dawa yetu ya pumu. Nasikia kaalikwa.

SHANGAZI: Shati nimeshampigia pasi.

DAKTARI: Presha yake, shangazi. Mzuie. Hata miwani mfichie—

SHANGAZI: Presha yake imeanza lini kukukosesha usingizi? Hapa huonekani.

DAKTARI: [mtandao unakwaruza] —sikusikii vizuri—

SHANGAZI: Unanisikia. Dawa inaponya?

DAKTARI: Wote waliomaliza dozi wamepata nafuu.

SHANGAZI: Na ambao hawakumaliza?

DAKTARI: Walijitoa. Hao hawahesabiwi.

SHANGAZI: Walijitoa, au—

DAKTARI: Haya ni mambo ya kitaalamu, shangazi.

SHANGAZI: Usinipige chenga. Kaka yangu kafundisha falsafa ya sayansi mpaka kaota mvi. "Usiniletee mia wanaokukubali, niletee mmoja anayekukatalia." Si ndivyo alivyokulea? Akafukuzwa chuo, kisa kumuuliza waziri mbolea yake imeshindwa kwenye shamba gani. Ukala kwa cherehani yangu.

DAKTARI: Najua.

SHANGAZI: Na mbona unanong'ona? Uko na nani?

DAKTARI: Peke yangu.

SHANGAZI: Kuna mtu kakohoa.

DAKTARI: Bosi.

SHANGAZI: Ahaa. Kumbe unaongea kwa kutumwa. Toka humo.

DAKTARI: Shangazi—

SHANGAZI: Toka, ndiyo tuongee.

DAKTARI: [mlango unafungwa] Haya, niko kwenye ngazi.

SHANGAZI: Kuna aliyekufa?

DAKTARI: [hatua zinashuka ngazi]

SHANGAZI: Mwanangu.

DAKTARI: Baba akisimama kesho ataniuliza hilo hilo, mbele ya watu wote. Nitamjibu nini?

SHANGAZI: Hujanijibu mimi bado.

DAKTARI: Salio la watu linaisha. Usimwambie, tafadhali.

SHANGAZI: Simwambii. Utamwambia wewe. Kaka, shika simu, mwanao huyu.

DAKTARI: Shangazi, usi— [simu inapokezanwa] Baba? Shikamoo... Hapana, usiniulize kwanza. Ngoja niseme mwenyewe. Kuna msichana wa shule alikata roho baada ya dozi ya pili. Kwenye ripoti wakaandika kajitoa, kahama mji. Nilijua, Baba, nikanyamaza. Nakuja nyumbani sasa hivi, nisubi—

[simu inakatika]