Musawo Eriya na Hatua Sitini za Getini

Musawo, yaani tabibu wetu, Eriya Tibakanya, dresa wa kliniki ya Base Camp, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1988, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kufunga vidonda, kuchemsha sindano na kutuchosha. Nimeambiwa niandike mimi, Jaliah wa kadi za wagonjwa, eti namjua kuliko wengine. Namjua, ndiyo. Amenitoa machozi ya hasira mara nyingi.

Aliletwa kutoka Mbarara kwa miezi mitatu tu. Miezi hiyo imeisha leo. Ana mkono mwepesi: wanangu wawili aliwachoma sindano, wakakumbuka kulia akishamaliza.

Lakini tabu yote ilianza na wazee wa Ngarama. Mvua za mwaka 1985 ziliporomosha kilima juu ya nyumba zao, wakakimbia wakiteleza na kuanguka kwenye matope. Waliopona mifupa hawakupona woga. Walipohamia kwetu nyuma ya soko, hata nje ya mlango hawakutaka kukanyaga. Nasi kwa heshima tukawabeba mpaka kliniki kwenye engozi, ile machela yetu ya mabegani, wanaume wanne, hata kwa kikohozi.

Musawo akasimama getini, akatoa amri. Abebwe aliyevunjika au anayezaa. Wengine washushwe hapo, watembee hatua sitini mpaka mlangoni. Alitukanwa! Mama mkwe wangu, Bibi Swabulah, mmoja wa wazee hao, alikaa chini palepale akamwuliza, "Wewe mtoto wa Tibakanya, nikianguka utanizika wewe?" Akajibiwa, "Nitakuinua kwanza, Mama. Simama." Robo saa nzima, foleni inanung'unika. Alipiga hatua nne tu. Mume wangu Sulait alitaka kumpiga Musawo.

Hakukoma. Alikuja nyumbani akakuta namlisha mama kwa kijiko, akanigombeza mbele ya wanangu: mikono ya mama ina nini? Mimi nilidhani ni mapenzi. Kisha akamfundisha mama kuinuka kutoka chini: ageuke ubavu, apige goti, ashike kigoda. Kila Jumanne, miezi na miezi, wakigombana.

Mwaka jana mama aliteleza uani. Nikapiga kelele, mimi na Sulait tukakimbilia engozi. Tuliporudi, ameshakaa kwenye kigoda, anatucheka.

Si wote waliosimama. Mzee Abubaker bado hatoki kitandani. Kila Ijumaa Musawo anapita kwake.

Sasa dresa mpya ni kijana mpole, na upole wake unanitia wasiwasi. Jana alifungua geti, engozi ikataka kupita na mzee mwenye mafua. Niliweka kadi chini, nikaenda kusimama pale mwenyewe, mtoto mgongoni. Wamenitukana vizuri sana. Mzee ametembea.

Asante, Musawo, kwa kutusumbua. Tunakutakia uzee mwema huko Biharwe. Ukiugua, uje kwetu. Mpaka getini utabebwa.