Sifuri ya Uongo

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, maana mvua hii inanishinda sauti. Wewe mkubwa, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kodi, kaa hapa miguuni pangu, miguu haina maumivu tena. Na wewe binti yangu, mdogo wake, futa machozi kwanza, kwa sababu nikikuona unalia nitasahau ninachotaka kusema, na pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima. Mkwe wangu, niinue kidogo. Weka mto mgongoni. Hivyo hivyo, asante mama.

Nasikia harufu ya rangi. Msidhani nimelala tu sijui kitu. Mmepaka rangi paa na kuta za nje ili waombolezaji wakija wasiseme watoto wa fundi bati wameiacha nyumba ya baba yao imepauka. Ndiyo kusema mmenipaka viungo kabla ya kunichinja. Chekeni, chekeni, mimi mwenyewe nilicheka jana mpaka nikakohoa.

Sasa sikilizeni. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na haiuzwi. Mkubwa utakaa humu na mkeo, ila chumba cha uani ni cha dada yako na mapacha wake, siku yoyote watakapochoka na kule bondeni, na usimwulize anakuja kwa nini wala anaondoka lini. Nyundo, mikasi ya bati na ngazi ni vyako, ingawa una mikono laini ya mtu wa kuuza simu. Na huyu jirani yetu wa upande wa tangi, msiurithi ugomvi wangu naye. Nilimwomba asogeze tangi lake kwa sababu linakizibia upepo kituo changu cha hali ya hewa kilichoko juu ya paa, naye akaenda kutangaza mtaa mzima kwamba mzee analinda upepo kama mtu anayelinda mbuzi wake. Tukanuniana miaka. Mpelekeeni salamu zangu, mwambieni nimemsamehe, ila tangi bado liko mahali pabaya.

Mnadhani nilikuwa mkali kwa sababu ya uzee. Hapana. Ni woga, wanangu. Watu husema mgonjwa anaogopa kufa. Mimi naogopa mvua.

Siku mama yenu alipochukuliwa na maji, redio asubuhi ilisema kutakuwa na manyunyu. Hawakutudanganya. Vipimo vyao viko uwanja wa ndege, ng'ambo ya mlima, na huko jua liliwaka siku nzima. Mvua iliangukia upande wetu tu, huku juu, ikateremka kwa ule mto mwembamba ambao watoto huuruka wakienda shule, ikamkuta mama yenu bondeni anaanua nguo za watu. Hapo aliposimama hapakuwa na hata tone. Alisikia muungurumo, akadhani ni lori.

Ndiyo maana niliposikia kwamba ofisi ya hali ya hewa inatafuta watu wa kuweka vituo vidogo majumbani kwao, nilikwenda siku hiyo hiyo, na kandambili miguuni. Mlinicheka. Mkubwa, ulisema, "Baba, mvua si inaonekana kwa macho?" Inaonekana, baba, kwa aliye chini yake. Lakini anayetakiwa kuwaambia watu wa bondeni wakimbie amekaa ofisini mbali, na dirishani kwake kuna jua. Yule dada wa ofisi alipanda ngazi mwenyewe akanionyesha: mvua inaingia kwenye faneli, inajaza kijiko kidogo, kijiko kinapinduka, na kila kikipinduka namba inakwenda kwao kwa mtandao. Kuna kituo changu huku juu, kuna cha mwalimu mkuu pale katikati, kuna cha mwoka mikate karibu na daraja. Wakivisoma vyote pamoja wanaiona mvua inavyotembea mlimani, na changu ndicho cha kwanza kuipokea. Msimu uliopita si mlipigiwa simu kule bondeni, binti yangu, mkapanda na mapacha mgongoni kabla maji hayajafika? Simu ile ilitoka hapa juu ya kichwa changu.

Mkwe wangu, nigeuzie kile kioo kidogo cha mezani, kile chenye namba, niwaonyeshe. Mvua kama hii inapaswa...

Soma, mama. Macho yangu hayaoni vizuri.

Soma tena.

Sifuri? Na imeanza kunyesha saa ngapi? Tangu nikiwa usingizini? Na ndoo ya uani imejaa inamwagika?

Nani amepanda juu? Mkubwa, mbona unaangalia sakafu? Sema. Mfuko? Mfuko gani?

Ulikifunga kituo kwa mfuko wa nailoni ili rangi isikirukie. Ukaukaza kwa utepe wa gundi, vizuri, kama nilivyokufundisha kufunga kitu. Ukasahau kuutoa. Nyamaza, usiniombe radhi, sina pumzi ya kukusamehe mara mbili. Ulikitunza, najua. Lakini nisikilize. Yule dada aliniambia, "Mzee, kituo chako kikinyamaza, tutakupigia kuuliza kuna nini. Lakini kikisema sifuri, tutaamini." Nilidhani ananisifu. Sasa hivi wamekaa ofisini wanatazama sifuri yetu, wanasema kule juu ni kukavu, wanakunywa chai. Na wewe binti yangu, wanao wako wapi? Wako bondeni. Umewaacha wamelala na baba yao, kwa sababu redio imesema manyunyu.

Ondoka. Usinishike mkono, ondoka! Mpigie mumeo huku unatembea. Hapokei? Piga tena, na mpigie jirani yake, na mpigie yule wa duka. Usipite njia ya mtoni. Pita barabarani hata kama ni mbali. Usivuke maji yoyote usiyoona chini yake, unanisikia? Wakiwa upande wa pili, waite wapande upande wao, wewe baki huku. Niapie. Haya, nenda. Nenda na radhi zangu zote, mwanangu, sibakizi hata moja. Nenda.

Mkubwa, panda ukautoe mfuko. Usishangae namba ikianza polepole, kijiko kitahesabu mvua ya kuanzia sasa tu. Iliyokwisha kunyesha imepotea, hakuna kifaa kitakachoirudisha. Kwa hiyo kabla ya ngazi, simu. Namba ya yule dada iko ukutani. Usianze na habari za ugonjwa wangu. Sema: sifuri yetu ni ya uongo, kituo kilifunikwa, huku juu inanyesha kwa nguvu tangu mchana, tangazeni bonde lote. Useme ni wewe uliyekifunika. Ukiona aibu utaanza kuzunguka maneno, na hakuna muda wa kuzunguka. Nenda, baba. Shika ngazi vizuri, bati limelowa.

Mkwe wangu. Tumebaki wawili. Usiogope mikono yangu ikiwa baridi, ni mikono tu.

Kile kituo nakuachia wewe. Hao wengine wanakipenda kwa ajili yangu, na mtu akipenda kitu kwa ajili ya marehemu anakifunga mfuko. Wewe ulikuwa unapanda kutoa utando wa buibui bila kuambiwa, nilikuwa nakusikia. Faneli isafishwe. Nguo zisianikwe karibu nacho. Na siku usipokiamini, kizime. Bora wasikie kimya watupigie.

Amepata ofisi? Namsikia anaongea. Anapiga kelele... vizuri. Apige kelele.

Sasa fungua milango yote miwili. Tandika mikeka, mpaka sebuleni. Watakaopanda kutoka bondeni watakuja wamelowa, wana watoto. Chemsha maji. Huyu wa tangi mwite, ana nyumba kubwa. Na mimi, mama... ikiwa nitakuwa nimekwenda kabla hawajafika, usilie kwanza. Nifunike, kisukume kitanda ukutani, watu wapate pa kukaa. Mtanizika mvua ikishakatika. Siharakishwi.

Mungu awalinde walio njiani. Awape mapacha wangu miguu... awape wote miguu. Na nyinyi wa humu, mpendane, msi... msigombane juu ya...

Namba imesogea? Soma.

Soma kwa sauti, mama. Usiache kusoma.