Koti Lililopelekwa Studio

Tangu Fort Ternan, mama aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa amepakata koti la mwanamume.

"Unapeleka kwa fundi?" mzee wa kando yake akauliza.

"Studio, Nakuru. Binti yangu Phelis anaenda Denmaki mwaka mzima, kujitolea kutunza wazee kwenye makao ya kanisa la huko. Barua yao inataka picha ya wazazi wote wawili."

"Na baba yake?"

"Tulimzika Machi. Hakuwahi kupigwa picha. Nitaweka koti kwa kiti, nikae kando."

"Koti tupu! Wazungu wataogopa. Wacha mimi nivae, nikae hapo." Tayari alikuwa akipima mkono wa koti kwa macho.

"Bado iko na harufu yake, mzee. Ukivaa, itaisha."

Treni ikasimama Nakuru. Mzee akavua kofia, akapisha koti lishuke kwanza.